Umeapgredi desktopu kwa bajeti ndogo, ukaovakloki, sasa inasumbua: tafuta tatizo kwa dalili

Wakuu, malalamiko ya watu wa Arusha na Moshi waliojikusanyia vifaa vya kompyuta kidogo kidogo ni yale yale. Mtu kanunua prosesa ya mtumba, kadi ya grafiki kaagiza Kariakoo ikaja na basi, mazabodi kauziwa na rafiki, pawa saplai kachukua ile ya bei ya chini kuliko zote dukani, kafunga, kapandisha spidi kupita ya kiwandani (ndiyo kuovakloki), halafu mashine inazima au haiwaki kabisa. Karibu kila mmoja akija anasema prosesa imekufa. Jamani, prosesa ndiyo kitu cha mwisho kufa kwenye hizi mashine. Kinachosumbua zaidi ni pawa saplai, umeme wa ukutani na vifaa ambavyo havikutakiwa kukaa pamoja toka mwanzo, na ndiyo maana nasisitiza kwamba kwenye bajeti ndogo hela ya kwanza iende kwenye pawa saplai, spidi itafuata.

Kabla hujagusa chochote, rudisha setingi za kiwandani. Zima swichi ya ukutani, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie sekunde kumi hivi ili chaji iliyobaki iishe, kisha toa kile kibetri cha duara cha CR2032 kwenye mazabodi, subiri dakika tano ukirudishe. Mazabodi nyingi zina pini mbili za kufuta CMOS (kumbukumbu ya setingi hizo), unazigusisha na bisibisi wakati umeme umechomolewa. Mashine ikitulia baada ya hapo, basi tatizo lilikuwa ovakloki yako na unaweza kuruka mpaka kwenye sehemu ya skrini ya bluu. Ikiendelea vilevile, tatizo liko kwenye vifaa au umeme, na kuhangaika na setingi za BIOS (programu ya mazabodi inayoanza kabla ya Windows) ni kupoteza muda.

NIMEFUNGA KILA KITU, NABONYEZA PAWA, KIMYA

Anza na vitu vya aibu kuulizwa: swichi ya nyuma ya pawa saplai ipo upande wa I au O? Eksitensheni ina umeme? Halafu angalia waya mdogo wa CPU, ule wa pini 4 au 8 unaochomekwa juu kushoto karibu na prosesa. Huo watu wanausahau mno kwa sababu ule mkubwa wa pini 24 umeshachomekwa wanaona kazi imeisha. Baada ya hapo vile vipini vidogo vya kitufe cha kuwashia, vikikaa pini moja pembeni hakuna kitu kitakachotokea, na njia rahisi ya kujua ni kuvichomoa ukagusisha pini mbili za pawa na ncha ya bisibisi, ikiwaka ujue shida ilikuwa hapo. Ikiwa bado kimya, toa mazabodi nje ya kesi uiweke juu ya boksi lake la karatasi, ubakishe prosesa, RAM moja na pawa saplai tu. Ikiwaka nje na ndani haiwaki, kuna skrubu au kimguu cha shaba kimekaa pasipo na tundu kinagusa mgongo wa mazabodi.

Sasa kuna kundi la wanaonunua zile desktopu za ofisini zilizotoka Ulaya au Dubai, kina Dell OptiPlex na HP EliteDesk, wanataka kuziwekea pawa saplai kubwa. OptiPlex 9020 kwa mfano haina ile plagi ya pini 24 kabisa, ina ya pini 8 ya Dell wenyewe, na EliteDesk 800 G1 ina ya pini 6. Pawa saplai ya kawaida haiingii bila adapta, na adapta mbovu ni hatari. Kwa mashine kama hizo ushauri wangu ni usihangaike na pawa saplai, chukua kadi isiyohitaji waya wa ziada kama GTX 1050 Ti au GTX 1650 zile zisizo na plagi, zinakula wati 75 zote kutoka kwenye sloti, na pawa saplai ya wati 290 ya 9020 ya mnara inamudu. Kama kesi yako ni ile nyembamba hakikisha unachukua kadi fupi kwa kimo, la sivyo kifuniko hakifungi.

Simama hapa: baadhi ya pawa saplai za zamani zina kiswichi chekundu nyuma kimeandikwa 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Ukichomeka ikiwa kwenye 115 utasikia mlipuko na moshi papo hapo. Kiangalie kabla hata hujachomeka waya. Na pawa saplai yenyewe usiifungue hata kama imechomolewa, kapasita za ndani zinabaki na volti zaidi ya 300 kwa muda, hizo zinaua. Ikinuka kuungua, weka pembeni tafuta nyingine.

FENI ZINAZUNGUKA ILA SKRINI NYEUSI

Namba moja, waya wa monita umechomekwa kwenye mazabodi badala ya kwenye kadi ya grafiki. Namba mbili, RAM haijakaa, toa zote rudisha moja tu kwenye sloti ya pili ukihesabu kutoka kwa prosesa, sukuma mpaka usikie tak. Kama meno ya dhahabu yana ukungu yasugue kidogo na raba ya penseli kisha yafute na kitambaa kikavu.

Tatu ni ununuzi wenyewe. Prosesa za AMD Ryzen za soketi ya AM4 zisizo na herufi G mwishoni, kama 3600 au 5600, hazina grafiki ndani, na Intel zenye F mwishoni vilevile, kwahiyo bila kadi hutaona kitu hata ukichomeka monita kumi. Halafu kuna BIOS. Mazabodi yenye chipseti (chipu kuu ya bodi) ya B450 iliyotengenezwa 2018 haimjui Ryzen 5 5600 mpaka iapdetiwe, utaona feni zinazunguka tu. Hapo unahitaji kuazima prosesa ya zamani uapdeti nayo, au uwe na mazabodi yenye kitufe cha kuapdeti kwa flashi bila prosesa. Ukinunua B450 ya mtumba omba muuzaji aiwashe uone toleo la BIOS kwenye skrini kabla hujatoa hela, na kwenye tovuti ya waliotengeneza hiyo bodi kuna orodha ya prosesa zinazokubali na toleo la BIOS linalotakiwa, isome. Na wakati wa kuapdeti BIOS weka UPS, manake umeme wa TANESCO ukikatika katikati bodi inabaki haiwaki na ufumbuzi wake ni fundi mwenye programa ya kuandika chipu upya.

Nne, waya za umeme za kadi. Plagi ya pini 8 ya CPU na ya kadi zinafanana kwa macho ila nyaya zake zimepangwa kinyume, ikigoma kuingia usilazimishe. Na hili naomba mtu asilipuuze: zile pawa saplai zenye nyaya za kuchomoa, usichukue waya wa kampuni nyingine ukachomeka kwa sababu tu umeingia. Upande wa pawa saplai kila kampuni inapanga pini inavyotaka, unaweza kupeleka volti 12 mahali pa volti 5 ukaunguza hadi diski ya SSD yenye kazi zako za miaka.

Ukiwa umeng'oa hitisinki (bati la kupoza prosesa lenye feni) ya AM4 na prosesa ikatoka nayo, angalia pini chini kwa tochi ya simu. Pini moja iliyolala kidogo mtu mwenye mkono mtulivu anaweza kuinyanyua kwa wembe mwembamba. Zikiwa nyingi au moja imekatika, mpelekee fundi mwenye darubini, usijaribu. Na siku nyingine washa mashine dakika kumi ipate joto kwanza, izime, izungushe hitisinki taratibu kushoto kulia ndipo uinyanyue.

SIONI SEHEMU YA KUOVAKLOKI, AU NAWEKA NAMBA SPIDI HAIPANDI

Hapa hakuna ubovu, ni vifaa. Kwa Intel ni mpaka prosesa iwe na K mwishoni na chipseti iwe ya Z, mfano i5-4690K na bodi ya Z97. Zile i5-4590 za ofisini hazipandi, na hata ukiweka yenye K kwenye OptiPlex bado BIOS haina hiyo menyu. Kwa AMD karibu Ryzen zote za kawaida zimefunguliwa ila bodi za A320 na A520 zimefungwa, inatakiwa B350, B450, B550 au zile zinazoanza na X. Mtu akikuuzia A320 kwa bei ya B450 akakuambia zote zinaingia Ryzen, ni kweli zinaingia, lakini spidi ya prosesa hupandishi.

Kama pesa ni ya kubana niseme wazi ninachoamini: RAM mbili za GB 8 badala ya moja ya GB 16, na kuwasha XMP (setingi ya BIOS inayoifanya RAM ikimbie spidi iliyoandikwa juu yake), utaona tofauti kwenye gemu kuliko kupandisha Ryzen 5 3600 kutoka pale inapofika yenyewe. Ile inajipandisha mpaka gigahezi 4.2 bila kuguswa, ukihangaika sana utaongeza kidogo tu na joto juu. RAM ya DDR4 iliyoandikwa 3200 isipowashiwa XMP mara nyingi inakimbia 2133 au 2400, wengi wanaishi hivyo miaka bila kujua.

INAWAKA VIZURI, NIKIFUNGUA GEMU INAZIMA

Hii ndiyo inaleta watu wengi kuliko zote, tulia hapa.

Angalia inazimaje. Ikizima tap kama umeme umekatika, na haiwaki mpaka uchomoe waya ukutani usubiri kidogo, hiyo ni pawa saplai imejikinga yenyewe kwa kuzidiwa. Ikijirestati yenyewe inaweza kuwa pawa saplai au volteji ya prosesa. Ikipunguza spidi kwanza, gemu likakwamakwama, feni zikapiga kelele, ndipo ikazima, hilo ni joto. Kwenye Windows utakuta rekodi ya Kernel-Power 41, watu wanaishikilia kama ushahidi kwamba pawa saplai ni mbovu, hapana, inasema tu mashine ilizimika bila kuagwa, sababu haisemi.

Pawa saplai. Geuza usome lebo, usisome namba kubwa ya ubavuni. Mtu anaenda dukani anauliza, "Kaka, hii wati ngapi?" anajibiwa, "Mia tano hiyo bosi, inabeba kila kitu." Lakini ukiinama kwenye lebo mstari wa +12V umeandikwa ampia 16. Zidisha 12 kwa 16 unapata 192. Hizo ndizo wati zinazoenda kwenye prosesa na kadi, kwa sababu vyote viwili vinakula kwenye mstari wa volti 12. Sasa kadi ya RX 580 peke yake inakula wati 185, ongeza Ryzen uliyoiovakloki, hapo kuna maajabu gani ikizima? Tafuta ambayo mstari wa volti 12 unabeba karibu namba yote iliyoandikwa, yaani ya wati 500 iwe na ampia 38 kwenda juu, na iwe na alama ya 80 Plus (cheti cha kutopoteza umeme mwingi) kutoka kampuni unayoweza kuikuta kwenye mtandao ikipimwa na watu. Nyepesi mkononi na waya zake nyembamba, rudisha.

Kabla ya kununua nyingine jaribu kwanza hivi. Kama kadi ina plagi mbili tumia nyaya mbili tofauti, siyo waya mmoja wenye vichwa viwili. Toa vile viadapta vya molex (plagi ya zamani ya pini 4) kwenda pini 8, vinayeyuka. Shusha kikomo cha umeme cha kadi kwa programu ya MSI Afterburner mpaka asilimia 75, cheza. Ikiacha kuzima umeshapata jibu bila kutoa hata mia. Mwenye multimita apime nyaya ya njano na nyeusi kwenye plagi ya molex wakati gemu linaendelea, inatakiwa ibaki kati ya volti 11.4 na 12.6, ikishuka chini ya hapo hiyo pawa saplai imechoka.

Umeme wa ukutani nao. Ukiona inazima zaidi saa moja mpaka saa tatu usiku wakati kila nyumba ina jiko na pasi, na saa tano asubuhi hakuna shida, basi fikiria umeme unaoshuka. Stebilaiza nzuri inasaidia. UPS ndogo inaweza kuwa ndiyo tatizo, zile za 650VA za bei ya chini zinabeba karibu wati 360, VA siyo wati, na nyingine umeme unaotoa zikiwa kwenye betri haupatani na pawa saplai za kisasa, umeme ukikatika tu mashine inazima hapohapo wakati UPS yenyewe iko hai. Chomeka moja kwa moja ukutani ujaribu siku moja.

Mwisho kadi yenyewe, hasa hizi RX 580 zilizotoka kuchimba sarafu za mtandaoni. Nyingi zilibadilishwa BIOS. Baadhi zina kiswichi kidogo ubavuni cha BIOS mbili, kisogeze ukiwa umezima. Ukiwa unanunua omba ichezwe na gemu zito au programu ya kupima kwa dakika ishirini mbele yako, uangalie feni zote zinazunguka na hakuna madoa ya rangi kwenye skrini. Muuzaji akikataa kuiwasha, ondoka.

SKRINI YA BLUU, PROGRAMU ZINAJIFUNGA ZENYEWE

Ukishaona kwamba kwenye setingi za kiwandani haitokei, anza kurudisha kimoja kimoja. RAM ndiyo mshukiwa wa kwanza, hasa umechanganya ya kampuni mbili. Zima XMP, pima na programu ya MemTest86 usiku kucha, inatakiwa kosa sifuri, hata moja ni nyingi. Zikipita bila XMP na zikafeli ikiwa imewashwa, shusha kutoka 3200 kwenda 3000 au 2933, hakuna atakayeona tofauti kwa macho. Ujumbe wa WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR mara nyingi ni prosesa inaomba spidi ambayo volteji yake haitoshi. Rudisha spidi chini megahezi 50, ndiyo dawa ya kwanza, usikimbilie kuongeza volteji. Kwa Ryzen 3000 mimi siachi volteji ya kudumu ikapita 1.3 kwa kori (cores) zote, ukivuka unaila prosesa taratibu na utaona baada ya miezi spidi iliyokuwa inakubali imeanza kugoma. Mwenye Ryzen 5000 atumie PBO, setingi ya AMD ya kujipandisha spidi, inajipimia yenyewe vizuri kuliko namba za kuweka kwa mkono.

Ukiwa unapima, programu ya Cinebench kupita mara moja haitoshi, weka zile za kuitesa prosesa, OCCT au Prime95, saa nzima huku ukiangalia joto kwenye programu ya HWiNFO. Na kama hiyo mashine ndiyo ya stesheneri, ya kuhariri video za harusi au ya mahesabu ya duka, usiiovakloki. Faili kuharibika kimyakimya ni baya kuliko kuzima.

JOTO LINAPANDA HARAKA

Vumbi kwanza. Kiangazi chetu unajua kilivyo, nyumba ya kando ya barabara isiyo na lami Kwa Mrombo Arusha au Pasua Moshi, miezi michache tu matundu ya hitisinki yameziba kama godoro. Peleka nje, shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, pulizia kwa blowa. Usitumie kompresa ya gereji la magari, inatema maji na mafuta. Pili pesti inayopakwa kati ya prosesa na hitisinki, ikishakauka futa kwa spiriti, weka tone la ukubwa wa punje ya njegere. Angalia pia plastiki nyembamba chini ya hitisinki mpya, kuna watu hawaibandui. Tatu hitisinki ndogo: ile inayokuja bure na Ryzen 5 3600 ni ya setingi za kiwandani, ovakloki inataka yenye mabomba ya shaba na feni ya milimita 120. Kikomo cha 3600 ni nyuzi 95, ila mimi nikiona 85 kwenye gemu naanza kutafuta sababu.

Mtu wa Moshi asinakili setingi za mtu wa Arusha. Chumba cha Soweto ya Moshi mwezi wa pili saa nane mchana kina joto jingine kabisa, ovakloki iliyopimwa Njiro, Arusha, mwezi wa saba asubuhi ya baridi itaanguka hapo. Pima mchana, mwezi wa joto. Na ukiwa Arusha juu huku, karibu mita 1,400, hewa ni nyepesi kidogo kwahiyo feni inabeba joto pungufu kuliko Dar kwa mzunguko uleule.

NIKIGUSA KESI INANITEKENYA AU INANIPIGA SHOTI

Hii watu wanaizoea na haifai kuzoewa. Sababu ya kawaida kabisa ni kukosa eathi: soketi haina waya wa ardhi, au mtu ametumia adapta ya pini mbili, au amekata ile pini ya kati ili plagi iingie. Pawa saplai ina kichujio ndani kinachopeleka umeme kidogo kwenye bati la kesi ukitegemea uende ardhini, ukikosa njia unakusubiri wewe, na unaweza pia kuunguza mlango wa HDMI siku unachomeka monita au TV. Jaribu soketi nyingine yenye pini tatu na eksitensheni nyingine. Ikiisha, badilisha eksitensheni. Ikiendelea kwenye soketi zote za nyumba, hilo siyo la fundi kompyuta tena, ita fundi umeme mwenye leseni apime eathi kwenye mita na nguzo yake ya chini. Usifunge waya kwenye bomba la maji wala nondo ya dirisha. Na kama shoti ni kali ya kukurusha mkono, usiguse kesi, zima kwenye mein swichi kwanza, ndipo uchomoe, na isiwashwe tena mpaka pawa saplai na soketi vimepimwa vyote viwili.